Maji Yasiyo na Ng'ambo

Kivukoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote, kuanzia nahodha hadi wauza karanga, walimwita Bi Mkono, na mwenyewe aliitika bila kinyongo, kwa sababu mkono ndio uliokuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyepanga magari ndani ya kivuko. Alisimama mlangoni, filimbi mdomoni, kizibao cha rangi ya chungwa kimepauka mabegani, akainua mikono, na lori lenye uzito wa nyumba likaingia taratibu kama mtoto aliyeshikwa sikio. Malori katikati, magari madogo pembeni, na upande mmoja usizidi mwingine, maana kivuko kikilalia ubavu hata nahodha huanza kumkumbuka Mungu. Viganja viwili vikimwita dereva maana yake njoo. Kidole gumba pembeni, kata usukani. Ngumi, simama hapo hapo, hata kama mama mkwe wako anakuita.

Hata mume alimpata kwa ngumi hiyo, na si siri, kwani mume mwenyewe huisimulia hadi misibani. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kijana, shingo imemkakamaa kwa majivuno, na siku alipoonyeshwa ngumi na msichana mwembamba aliyeanza kazi juzi tu, aliona haya kutii. Akasogea kidogo, ili ajulikane yeye ni nani. Kioo cha pembeni kikagonga nguzo kikasambaratika. Akashuka damu inamchemka. Msichana hakubishana naye. Alimwonyesha ngumi ileile, ambayo ilikuwa bado iko hewani. Dereva akaitazama ngumi, akavitazama vipande vya kioo chini, akacheka mpaka foleni nzima ikaanza kupiga honi.

Tangu hapo, kila aliporudi safari alimletea zawadi. Wenzake waliwaletea wachumba vitambaa na mafuta ya nywele. Yeye alileta barabara. Akisubiri zamu yake ya kupanda, alikaa kwenye ngazi ya lori akamsimulia. Ukitoka ng'ambo pale unapanda mlima, unafika kwenye kona yenye tangi la maji, na ukiipita tu ile kona, bonde linafunguka mkono wa kushoto, alizeti njano mpaka macho yanauma, na barabara inateremka katikati yake hujui inaishia wapi. Kisha mpaka wa kwanza. Kisha kivuko cha pili, chenye mlango mmoja tu, kwa hiyo unaingia kinyumenyume upende usipende. Kisha nchi ya vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Kisha kivuko cha tatu, kikubwa, kinachovuka ziwa kutwa kucha na abiria wamelala juu ya magunia. Kisha mipaka mingine, na mwisho kabisa mji ambao barabara yake inaishia majini.

"Hapo kivuko chao kikoje?" aliuliza Bi Mkono, ambaye kila maji aliyapima kwa kivuko.

"Hakuna kivuko."

"Sasa magari yanavukaje?"

"Hayavuki. Hakuna ng'ambo. Unatazama maji mpaka yanapogusana na mbingu, basi, ndiyo mwisho."

Maji yote ambayo msichana aliyajua maishani yalikuwa na upande wa pili, na upande wa pili ulikuwa na foleni. Maji yasiyo na foleni hayakumwingia akilini hata kidogo, na labda ndiyo sababu yalimwingia moyoni yakakaa huko. Alianza kuyaota. Aliyaona katikati ya mchana, filimbi mdomoni, basi likimsubiri.

"Nitakupeleka," alisema Dereva. "Nitakuonyesha kwa kidole changu mwenyewe. Hapa alizeti, hapa vumbi, hapa maji."

Wakaoana, na ahadi ile ikaingia ndani ya nyumba pamoja na kitanda na kabati. Kwanza kampuni ya malori haikuruhusu madereva kupakia wake zao. Kisha akaja binti. Kisha mama mkwe akawa wa kuuguzwa, kisha paa likaanza kuvuja. Mambo ya nyumba mnayajua wenyewe: safari ndiyo huambiwa isubiri kwanza, kwa sababu haina mdomo wa kulalamika.

Lakini Bi Mkono alifanya jambo moja ambalo wenzake waliliona kuwa wazimu mtupu. Kila siku ya kazi alivuka kwenda ng'ambo na kurudi, tena na tena. Akifika kule, aliyashusha magari, akayasindikiza kwa macho yakipanda mlima, moja moja, mpaka yakapotea kwenye ile kona ya tangi. Na yeye hakupanda hata siku moja. Alijiapiza kwamba kona ile hataipita mpaka aipite na mumewe, amwonyeshe bonde kwa kidole kama alivyosema.

"Bi Mkono, leo panda hata ukanunue kiberiti huko juu," nahodha alimtania. "Kivuko kitakungoja."

"Nina mwenyeji wangu," alijibu. "Nitapelekwa."

Nahodha alicheka, wauza karanga wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini jioni, kivuko kikirudi na jua likimpiga mgongoni, alisimama nyuma kabisa, kwenye mlango wa chuma uliokwisha pandishwa, akaitazama ile kona ikiwa ndogo. Wivu wake haukuwa kwa wanawake wengine ambao mumewe angeweza kukutana nao njiani. Aliyaonea wivu malori.

Alipobakiwa na msimu mmoja kustaafu, wakatandaza ramani mezani. Dereva alikuwa amekwisha achana na malori, na uani kulikuwa na pikapu kuukuu yenye mlango mmoja wa rangi tofauti, ambayo mdogo wake, fundi makenika, aliifufua kwa kila namna isipokuwa maombi. Pembe moja ya ramani ilishikwa na kopo la sukari, nyingine na pasi, na wawili hao wakabishana kama wanaogawana shamba.

Ubishi ulikuwa juu ya vivuko. Kile cha pili hakibebi magari siku za mnada, kwa sababu siku hizo kinajaa ng'ombe. Kile cha tatu huvuka mara moja kwa juma, na msimu huu kilikuwa karibu kupelekwa kwenye matengenezo. Ukikikosa, ujue ni mpaka mwakani. Kwa hiyo lazima utoke nyumbani siku ambayo kivuko kimoja kitakukabidhi kwa kingine bila kukuangusha katikati. Dereva aliijua mipaka, ofisi ipi ufike asubuhi afisa akiwa bado na subira. Bi Mkono alivijua vivuko, hata vile ambavyo hajawahi kuviona.

"Tukiweka mizigo mizito nyuma, watatusukumia pembeni kwenye mlango," alisema. "Tuweke katikati."

"Hujafika, tayari unampangia mtu kivuko chake!"

"Akikipanga ovyo sipandi."

Zilikuwa jioni tamu kuliko zote alizowahi kuwa nazo ndani ya nyumba ile. Alisoma majina ya miji kwa sauti, na mumewe akafumba macho akasema, "Hapo kuna daraja jembamba," au, "Hapo wanauza matikiti, usinunue la kwanza." Zamani alikuwa akiinamia ramani mwenyewe, pua karibu kuigusa. Sasa aliegemea kiti. "Soma wewe, mama," alimwambia. "Sauti yako inanipendeza." Na yeye, mtu mzima na mvi zake, akayeyuka kama siagi, akasoma hadi majina ya vijito.

Kwamba macho ya Dereva yalikuwa na kasoro, hilo nyumba nzima ilijua. Ilikuwa presha ya macho. Binti yao, muuguzi, alimletea dawa za matone na kumgombeza akisahau. Leseni ilipokwisha muda, walimpima macho wakakataa kuihuisha. Yeye alilichukulia jambo hilo kwa mzaha. "Nimeshushwa cheo, sasa ni abiria," alisema. "Na kwa kazi ya abiria, macho yangu yanatosha na chenji inabaki." Kwa hiyo Bi Mkono, aliyeyaamuru magari maisha yake yote bila kukaa nyuma ya usukani, akajifunza kuendesha. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Kila alipokosea gia aliikemea pikapu kana kwamba dereva ni mtu mwingine.

"Mama, umejifunza juzi, baba haoni vizuri, na mnataka kupita nchi nne?" binti alilalamika.

"Hatuzipiti zote kwa mpigo, mwanangu. Moja moja."

Kilichobaki ni kurudi kinyumenyume, kwa ajili ya kile kivuko cha pili. Walikwenda kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la zamani, wakasimamisha mapipa mawili matupu kuwa ndiyo mlango wa kivuko, na Dereva akasimama nyuma, katikati ya mapipa, akamwelekeza kwa ishara zilezile za mkewe. Viganja, kidole gumba, ngumi. Bi Mkono alimwona kwenye kioo, shati jeupe, mikono juu, na akaona raha ya ajabu kuongozwa na lugha yake mwenyewe. Siku za kwanza waliangusha mapipa. Siku zilizofuata waliyakwaruza tu. Dereva akaanza kumsifia.

Asubuhi moja, alipokuwa tayari kurudi nyuma, vumbi lilimwingia jichoni. Akakanyaga klachi na breki, injini ikinguruma, akafikicha jicho. Mguu ukagusa mafuta bila kukusudia, injini ikapaza sauti. Alipotazama kwenye kioo, mumewe alikuwa anamwita kwa viganja viwili, njoo, njoo. Bi Mkono hakusogea. Mikono ikaendelea kuita. Kidole gumba kikaenda kushoto, kikarudi, viganja vikaita tena, sasa polepole, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemwingiza mgonjwa kitandani. Kisha ngumi ikapanda juu.

"Hapo hapo!" Dereva alipaza sauti. "Safi kabisa! Leo hukugusa hata pipa moja!"

Gari lilikuwa halijasogea hata unyayo.

Bi Mkono aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Mambo madogo madogo yakaanza kujipanga kichwani mwake bila kuitwa: ramani na kile kiti alichoegemea, kikombe alichokitafuta kwa vidole, namna alivyotembea siku hizi akiugusa ukuta kana kwamba anausalimia. Alizima injini. Akamfungulia mlango, akampeleka nyumbani, na njia nzima alizungumza habari za bei ya matairi.

Chai ilipopoa mezani ndipo alipoweza kusema.

"Baba, gari halikusogea."

Kidole cha Dereva kilikuwa kinazunguka ukingo wa kikombe.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tangu lini?"

"Macho yaliondoka taratibu. Kwanza pembeni, kama pazia. Sasa naona mwanga, najua dirisha liko wapi. Wewe nakujua kwa hatua zako."

"Na hukuniambia. Mimi! Unaniacha nasoma majina ya vijito kama kasuku!"

"Ningekwambia ungeahirisha. Tungoje dawa, tungoje daktari, tungoje mwakani. Umeshangoja vya kutosha, mama. Nilisema labda tutawahi, hata kama nimebakiwa na tundu la sindano, nikuonyeshe kwa kidole." Akakisukuma kikombe. "Nilikuahidi kidole."

Bi Mkono alikasirika, tusidanganyane. Aliondoka mezani akaosha vyombo vilivyo safi. Alijiona ameibiwa, na hakuna mwizi wa kumkamata. Safari aliweza kwenda hata na binti yake. Gari lipo, vivuko vipo. Lakini hakutaka kuona, alitaka kuonyeshwa, tena na mtu mmoja tu. Hayo maji ya mwisho, alipoyaota, hakuyaota peke yake. Siku zote kulikuwa na kidole mbele yake.

"Tusiende," Dereva alisema kutoka mezani. "Nitakuonyesha nini sasa?"

Siku mbili nyumba ilikuwa na kimya cha ofisi. Siku ya tatu ilikuwa zamu yake ya mwisho kazini. Alipanga magari kama kawaida, akavuka, akayashusha, akayatazama yakipanda. Gari la mwisho lilikuwa dogo, la mzee mmoja na mkewe, na mke alikuwa anazungumza bila kupumua, akimwonyesha mumewe hiki na kile dirishani, na mume, macho yake barabarani, anaitikia kwa kichwa tu bila kutazama chochote. Wakapotea kwenye kona. Bi Mkono akabaki amesimama mpaka nahodha akapiga honi. Jioni alikabidhi filimbi na kizibao, akaenda nyumbani, akamkuta mumewe kitini.

"Maisha yote umenisimulia wewe," alimwambia. "Tangu siku ya kioo. Mimi nimesimulia nini? Foleni. Fungasha nguo zako. Kivuko cha tatu hakitungoji."

"Mama..."

"Nimeonyesha ngumi?"

"Hapana."

"Basi songa."

Binti alilia, akawafungia dawa za matone kwenye kopo lenye barafu, akawaombea. Fundi akapiga teke tairi moja moja, ambayo ndiyo baraka ya mafundi. Asubuhi pikapu ikashuka kivukoni, mizigo mizito katikati.

Na hapo Bi Mkono akatia aibu. Mpangaji mpya alimwita kwa viganja, kwa heshima zote, lakini jamaa alikuwa anamwingiza upande usiofaa. Basi la abiria lilikuwa nyuma na upande wa kulia ulikuwa mtupu. Mazoea hayana simile. Bi Mkono akaachia usukani, akatoa mkono dirishani, akaanza kujielekeza mwenyewe, kidole gumba kulia, kulia, na mguu ukasahau klachi. Pikapu ikaruka kama chura, ikazimika katikati ya mlango. Foleni nzima ikapiga honi.

"Shika usukani, mwanamke!" nahodha alipiga kelele kutoka juu, machozi ya kicheko yakimtoka. "Leo wewe ni mzigo!"

"Nini?" Dereva aliuliza. "Kuna nini?"

"Nimezima gari."

"Umevunja kioo?"

"Sijavunja."

"Basi umenishinda," alisema, na mkono wake ukautafuta wake kwenye gia.

Walivuka. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Mkono alivuka akiwa amekaa. Mlango wa chuma ukashuka, na akatoka, akapita mahali pale ambapo kwa miaka yote alikuwa anageuka kurudi, na magurudumu hayakugeuka. Mlima ukaanza. Tangi la maji lilikuwa na kutu zaidi kuliko lilivyoonekana kutoka chini.

"Tangi?" aliuliza Dereva, aliyekuwa anahesabu mlima kwa mgongo wake.

"Naliona."

Akajiweka sawa kitini, akakohoa, akainua kidole chake, akakielekeza kushoto, dirishani kwake, tayari. Uso wake ulikuwa wa bwana harusi. Bi Mkono akakata kona.

Bonde halikuonekana. Kulikuwa na maduka ya mabati yaliyobanana pande zote mbili, mafungu ya matofali, bango la simu lenye ukubwa wa nyumba, na malori yameegeshwa kila mtu na mapenzi yake. Labda nyuma ya hayo yote bonde lilikuwapo bado. Alizeti hapakuwa na hata moja. Hiki ndicho alichokuwa amejinyima, maisha yake yote ya kazi, ili aonyeshwe.

"Haya," alisema mumewe, kidole bado kiko hewani, kimeelekea ukuta wa duka. "Umeliona?"

Alikitazama kile kidole.

"Nimeliona," alisema. "Limefunguka mkono wa kushoto. Alizeti njano mpaka macho yanauma. Na barabara inateremka katikati yake, hata sijui inaishia wapi."

Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakishusha kidole polepole, akakiweka gotini.

"Mama," alisema, "hayo ni maneno yangu."

Bi Mkono alipunguza mwendo.

"Nayajua moja moja, nimeyasema tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hayo ninayo tayari." Akageuza uso kumwelekea, macho yakilenga pembeni kidogo ya mahali alipo. "Nipe yako."

Alijifuta machozi kwa kiganja, akatazama mbele, kwa mara ya kwanza akatazama kweli.

"Kuna mtu ameegesha lori vibaya," alisema. "Limeziba nusu ya barabara."

Dereva akaangua kicheko. "Enhe?"

"Kuna mwanamke anaanika godoro jekundu juu ya ukuta. Anagombana nalo, linamwangukia."

"Enhe?"

"Limemshinda. Amelikalia."

Dereva akainua viganja vyake viwili mbele ya kifua, akavikunja kujielekea, polepole, kwa uangalifu, njoo, njoo. Bi Mkono akaingiza gia ya pili, akalipita lile lori, akaendelea kumwambia anachokiona.